Pindo la Inchi Sita

Wanawake wa Kanyakine, Kaari aliwajua kwa inchi. Wengine huwajua jirani zao kwa sauti, au kwa ukoo, au kwa jinsi wanavyopika. Yeye alijua kwamba Cicily, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alikuwa na kiuno cha thelathini na nane alichopenda kiandikwe thelathini na nne, na kwamba mke wa mchungaji alikuwa na bega moja lililoshuka kuliko jingine. Yote hayo aliyaandika katika madaftari yenye jalada jeusi, akayapanga chini ya meza ya cherehani. La zamani kabisa lilikuwa la fundi Njura, mzee aliyemfundisha kazi na kumwachia kibanda macho yalipomchoka. Njura alikuwa akisema fundi mwenye mdomo hupata mteja mmoja tu, basi, na Kaari aliishika kauli hiyo kuliko amri za shule ya Jumapili.

Kwa miaka karibu thelathini, lalamiko moja ndilo lililomchosha. Mama wa miaka sitini au sabini angeingia na sare yake ya kanisa, ile ya buluu yenye ukosi mweupe, aitandaze mezani na kusema, "Kaari, hii nguo imerefuka." Na kweli ukimvisha, mbele inashuka, nyuma imepanda. Kaari angepandisha pindo, na wakati akipandisha, wote wawili wangekisema kitambaa. Kitambaa cha siku hizi ni bure, kinavutika kwa maji. Pasi ya makaa nayo ni nzito, inakinyoosha. Kuna mwaka Kaari alifunga safari hadi Meru mjini kugombana na mwenye duka la vitambaa, akamgombeza mpaka yule bwana akampa mita mbili za bure ili amwondokee. Kanyakine nzima iliamini hivyo. Hakuna aliyeuliza mbona nguo za wasichana hazirefuki.

Nguo iliyorefuka kuliko zote ilikuwa ya mamake mwenyewe.

Mamake aliitwa Karwirwa, na zamani, ukisema Karwirwa sokoni, watu waliinua nyuso kabla ya kumwona, kwa sababu ndiko alikokuwa, juu. Mumewe, marehemu Mithika, alikuwa mtu wa kimo cha kawaida na hakuona haya. "Watu huoa wake," alikuwa akisema, "mimi nilioa mlingoti." Mwaka wa 1969, chama cha akina mama kilipoanzishwa kanisani, waliulizana nani abebe bendera mbele ya maandamano, na hawakuulizana sana. Alipewa Karwirwa. Fundi Njura alimpima na kuandika katika daftari lake: begani hadi chini ya goti, mbele, inchi arobaini na sita. Akapiga mstari chini ya hesabu hiyo mara mbili, kwa sababu ilibidi aongeze kitambaa.

Kaari alikuwa na miaka kumi na miwili. Alitembea nyuma ya mamake kutoka kanisani hadi sokoni, mwendo wa saa nzima, na alichokiona njia yote ni mgongo ule. Mgongo mrefu, wa buluu, ulionyooka, na juu yake bendera, na juu ya bendera, kwa sababu asubuhi ilikuwa safi, kilele cheupe cha mlima wa Kirimaara. Alikuwa na hamu moja maishani ambayo hakumwambia hata mumewe Marete, kwa maana angemwambia nini? Alitamani kuuona mgongo ule tena. Si kwa picha, maana picha hawakupiga. Auone kwa macho, mbele yake, ukienda.

Lakini ujana ni moshi, ukienda haurudi. Sasa ulikuwa mwaka wa 2009, Karwirwa alikuwa na miaka sabini na sita, na mgongo wake ulikuwa umejikunja pale juu, shingo imetoka mbele, na macho yamebaki kutazama njia. Aliwatambua watu kwa viatu. "Muga, Cicily," angesalimu, "hivyo viatu vinakuumiza, si uvigawe?" Watu walicheka, naye alicheka. Kwenye paji la uso alikuwa na bonde dogo, alama ya mkanda wa ngozi aliobebea kuni, maji, majani ya ng'ombe na mitungi ya maziwa kwa miaka sitini, mzigo mgongoni, mkanda kichwani, kama wanawake wote wa Meru wa rika lake. Mkanda wenyewe ulining'inia nyuma ya mlango wa jikoni na bado ulifanya kazi.

Mwezi wa nne, Karwirwa alikuja kibandani na mfuko wa plastiki. Akatoa ile nguo ya 1969.

"Chama kinafikisha miaka arobaini mwezi wa nane," alisema. "Fungua hii pindo yote. Nataka ikae vile Njura aliishona. Mimi ndiye nabeba bendera."

Kaari aliishika nguo, akahisi uzito wa pindo mkononi. Lilikuwa nene kama mkia wa kondoo. Kila mara nguo ile ilipoanza kushuka mbele, mamake alikataa katakata isikatwe. "Usikate. Kunja tu. Nitarefuka tena," alikuwa akisema, na Kaari alicheka na kukunja. Mkunjo juu ya mkunjo, mpaka leo.

"Mami, hiyo bendera ni nzito. Mti wake ni wa muringa."

"Mimi ndiye niliuchagua huo mti."

"Cicily amekubali?"

"Cicily atakubali akiniona nimevaa." Akageuka kwenda, fimbo mkononi, na akiwa mlangoni akasema bila kugeuka, "Kaari, ni mara moja tu. Nataka kusimama vile nilisimama, mara moja, halafu mkitaka mnizike."

Kaari aliitundika nguo kwenye msumari. Hakuifungua wiki ile, wala iliyofuata. Kila alipotaka kuishika, alijipa kazi nyingine. Alijua jambo ambalo hakutaka kulijua.

Wiki ya tatu, mvua ikinyesha, alishuka kutoka baraza ya kibanda kumwita mchuuzi wa vifungo. Hatua moja tu. Udongo mwekundu ukamteleza, akaweka mkono wa kulia chini kujizuia, na akasikia mlio mdogo, kama kijiti cha kuwashia moto kikivunjika. Hakuwa ameanguka kwa maana ya kuanguka. Watoto huanguka hivyo mara kumi kwa siku na kuinuka na kukimbia.

Hospitalini alihudumiwa na daktari kijana aliyeitwa Nelius, mtoto wa Embu, aliyepelekwa kazini upande huu ambaye bado Kimeru chake kiliwachekesha wagonjwa. Alitazama picha ya mkono dhidi ya mwanga, akakunja midomo.

"Mama, hapo kwa baraza uliangukia ni juu aje?"

"Hatua moja, daktari. Ni kuteleza tu."

"Hatua moja." Akaandika. "Hiyo ndiyo inanisumbua. Mfupa mzuri hauvunjiki na hatua moja. Hedhi ilikatika lini?"

Kaari akaangalia pembeni. Mambo haya huulizwi na mtoto wa umri wa bintiyo. "Miaka minne sasa."

"Sawa. Na mama yako ako? Mgongo wake ukoje?"

"Umepinda. Ni uzee."

"Si uzee pekee, mama. Wazee wengi hawapindi." Daktari aliiweka picha chini na kuanza kueleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mwingine kusuka. Mfupa si jiwe, alisema, mfupa uko hai, unabomolewa na kujengwa kila siku. Mwanamke akishakoma hedhi, kubomoa kunashinda kujenga, na mfupa unabaki na vitundu ndani kama mkate. Hauumi. Hausemi kitu. Halafu siku moja mtu anainua mtungi, au anapiga chafya tu, na pingili ya mgongo inabonyea. Anasema ameshikwa na baridi ya mgongo. Anapakwa mafuta, anakaa mwezi mmoja, anapona. Amepungua inchi moja na hajui.

"Huwa tunauliza mtu kama kimo chake kimepungua," alisema, "lakini hapa nani anajua kimo chake? Hakuna mtu huwa anaandika."

Kaari alinyoosha mkono ufungwe plasta. Ulikuwa unamuuma, lakini mawazo yake yalikuwa chini ya meza ya cherehani.

Alirudi na plasta hadi kwenye kiwiko, akapita nyumbani bila kuingia, akaenda moja kwa moja kibandani. Kwa mkono wa kushoto aliyavuta madaftari yote kutoka chini ya meza, akakaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Karwirwa, 1969, arobaini na sita, mwandiko wa Njura. Karwirwa, 1989, arobaini na tano. Mwaka wa 1996, arobaini na tatu na nusu, na huo Kaari aliukumbuka vizuri, kwa sababu ndio mwaka mamake aliinua mtungi wa maji pale mtoni, akalalamika kitu kimesema tik, akalala miezi miwili akisuguliwa mafuta ya kondoo. Mwaka wa 2002, arobaini na mbili. Mwaka wa 2007, arobaini, baada ya siku ile aliyoinama kufunga ndama na kushindwa kuinuka. Kila maumivu yalikuwa na mkunjo wake. Akafungua kurasa nyingine: mamake Mwongera, inchi tatu, mke wa marehemu Mwirigi, inchi mbili na nusu, mwalimu mstaafu wa nasari, nne. Wote hao walikuwa wamesimama mbele yake, yeye na tepe yake, wote wakikitukana kitambaa.

Daktari alisema hakuna anayeandika. Yeye aliandika. Kwa miaka ishirini na minane aliandika jinsi mamake alivyokuwa akivunjika, kipande kwa kipande, kwa mwandiko safi, kisha akaufuata mwandiko kwa sindano na uzi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kaari aliuona ufa mara nne, na mara zote nne akaushonea pindo. Alilia pale sakafuni mpaka Marete akaja kumtafuta.

Sasa alikuwa na kazi ambayo hakuna cherehani ingemsaidia. Ilibidi amwambie mamake asibebe bendera. Na kumwambia hivyo ilikuwa kumwambia kwamba hatarefuka tena.

Alijipanga maneno siku tatu. Siku ya nne aliipeleka ile nguo kwa mamake, akamkuta nje ya jikoni kwenye kigoda, ameanika miguu juani. Mtungi wa maziwa ulikuwa umeoshwa na kuinamishwa kwenye ua. Boma lile lilikuwa limekamua ng'ombe tangu Kaari azaliwe, na maziwa yote, asubuhi na jioni, yalipanda lori la ushirika. Yaliwasomesha Kaari na kakake. Nyumbani ilibaki strungi, chai bila maziwa.

"Wewe umevunjika mkono na bado unazunguka," Karwirwa alisema. Aliiona plasta kwa sababu ilikuwa chini, usawa wa macho yake. "Nguo iko tayari?"

"Siwezi kufungua, mami. Mkono."

"Leta. Kuna wembe kwa dirisha."

Kaari akauleta. Mamake akaiweka nguo mapajani na kuanza kukata nyuzi mwenyewe, uzi mmoja mmoja, kwa vidole vilivyopinda lakini visivyotetemeka. Kaari akakaa chini, kwenye nyasi, ili mamake amwone usoni. Ilikuwa miaka mingi tangu akae chini mbele ya mamake hivyo. Waliangaliana. Akayasahau maneno yote aliyoyapanga.

Mkunjo wa kwanza ukaachia. Chini yake kitambaa kilikuwa na buluu iliyokolea kidogo. Karwirwa akaendelea. Mkunjo wa pili, buluu ikazidi. Wa tatu. Alipofungua wa mwisho, ule wa 1989, ukanda wa chini ukatokea ukiwa buluu tupu, kama siku Njura alipoukata kutoka kwenye jora, haujaona jua miaka ishirini. Karwirwa aliuweka mkono wake juu ya ukanda ule na kuupapasa.

"Kitambaa hakikurefuka," alisema.

"Hapana, mami."

"Kingerefuka, hapa pangekuwa pamevutika. Pako vile vile."

Kaari akafungua mdomo kumweleza habari za daktari, za mfupa wenye vitundu kama mkate, na mamake akainua wembe kumnyamazisha.

"Unafikiri mimi ni mjinga? Nilijua tangu ule mtungi wa maji. Mtu hujua mahali dari yake iko. Rafu ya chumvi nilikuwa naifikia nikiwa nimesimama, kisha kwa vidole, kisha nikapanda kigoda. Rafu haikupanda, Kaari."

"Mbona basi hukusema? Mbona ulikubali tukalaumu kitambaa?"

"Na wewe mbona ulikubali?"

Jogoo alipita katikati yao akidonoa nyuzi zilizoanguka. Karwirwa akaikung'uta nguo.

"Nilisema kunja, usikate," akaendelea, sauti imeshuka. "Ungekata, kile kipande ungekitupa kwenye vile vitambaa vyako vya kujazia mito, na mimi ningejua yule mwanamke amekwisha. Lakini kikikunjwa, bado yuko. Amekunjwa tu. Nilikuwa napenda kuishika hiyo pindo kanisani, mchungaji akihubiri. Nilikuwa nasema, niko hapa ndani."

Kaari alimshika goti kwa mkono wake mzima na kulia bila kuficha. Alimwambia yote: madaftari, hesabu, jinsi alivyoona na asione. Alimwambia mgongo uliopinda haurudi, daktari amesema hivyo wazi, ila kuna dawa ya kuuzuia usizidi, na kwamba mti ule wa muringa ungeweza kumvunja pingili nyingine mbele ya kanisa zima. "Sitaki uibebe, mami. Nakutamani ulivyokuwa, Mungu anajua, kila siku nakutamani. Lakini nakutaka hivi ulivyo zaidi ya kukosa hata hivi."

Karwirwa aliishika nguo kwenye mabega, akaiinua mbele ya uso wa Kaari.

"Simama," alisema hatimaye. "Vaa hii."

"Mimi?"

"Kuna Kaari mwingine hapa? Vaa."

Kaari aliivaa juu ya nguo zake, plasta ikipita kwa shida kwenye mkono wa nguo. Mamake akaitisha tepe, maana fundi hatembei bila tepe, akainuka kwa fimbo, akamshikisha Kaari ncha ya juu begani na yeye akaishusha ya chini mpaka chini ya goti. Kule chini aliona vizuri.

"Wewe ukijishonea sare ya kwanza ulikuwa ngapi?"

"Arobaini na sita. Kama wewe."

"Sasa ni arobaini na tano na nusu."

Kaari alitaka kusema tepe imelegea. Aliyaona maneno yakija, yale yale ya kibandani, akayameza.

"Andika kwa daftari," Karwirwa alisema. "Na usikunje. Iache hivyo, ikuzidi nusu inchi, kila ukiivaa ukumbuke. Mimi niliandikiwa, lakini sikuwa na mtu wa kunisomea. Wewe unajua kusoma." Kisha akaenda jikoni, polepole, akarudi na ule mkanda wa ngozi uliokuwa nyuma ya mlango. Ulikuwa mweusi, umelainika kwa jasho la miaka. "Nishonee mfuko hapa mwisho. Hapana, jishonee, bendera utaibeba wewe. Unavaliwa begani, na ule mti unakaa kwa mfuko, hauchoshi mkono. Mimi sibebi kitu tena. Hata kuni. Mwambie huyo daktari wako."

Akamwekea mkanda ule shingoni, na mara hiyo Kaari akaona lile bonde la paji la mamake likiwa tupu juani.

Mwezi wa sita plasta ilitolewa. Kaari alimpeleka mamake kwa daktari Nelius, ambaye alimpiga picha ya mgongo, akahesabu pingili nne zilizobonyea, akatazama daftari jeusi na kulisoma mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Alimwandikia Karwirwa kidonge cha kumezwa mara moja kwa wiki, alfajiri, na glasi nzima ya maji, kisha akae wima nusu saa bila kulala. "Nikae wima?" Karwirwa aliuliza. "Mwanangu, hicho kidonge kinajua kinamwambia nani?" Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kwa Kaari alisema: maziwa, omena na ile mifupa yake, mboga za majani kama terere na sukuma, jua la asubuhi, miguu itembee kila siku, na mzigo wa kiasi, maana mfupa hupenda kazi. Ni ule mzigo wa punda unaouvunja uzeeni. Tangu siku hiyo chupa moja ya maziwa haikupanda lori tena, na Marete alilalamika kwamba chai ilikuwa nzito kama uji, akainywa.

Kibandani nako mambo yalibadilika. Mama akija kusema nguo imerefuka, Kaari alifungua daftari na kumwonyesha. Wengine walikasirika. Cicily, aliyekuwa amepungua inchi mbili urefu na kuongezeka tatu kiunoni, alihamia kwa fundi mwingine wiki mbili nzima. Alirudi na barua ya hospitali iliyosema yale yale ya daftari.

Jumapili ya sherehe ilifika, mwezi wa nane, baridi ya asubuhi na anga safi. Akina mama walijipanga nje ya kanisa. Kaari alikuwa mbele, amevaa nguo ya mamake, sehemu ya juu imepauka, na chini ule ukanda wa buluu ya zamani, upana wa inchi sita, ulioonekana wazi kiasi kwamba wasichana wa kwaya walinong'ona kuwa fundi amekosa kitambaa. Mkanda wa ngozi ulikuwa begani, mti wa muringa umekaa kwenye mfuko wake, bendera juu.

Karwirwa alikataa kiti walichomwekea kwenye pikapu. Alisema atatembea, miguu haijapinda. Akajiweka nyuma ya Kaari, mahali hasa ambapo Kaari alitembea akiwa na miaka kumi na miwili, na maandamano yakaanza.

Kaari hakuweza kugeuka, mti haukumruhusu. Alisikia fimbo ya mamake ikigonga njia nyuma yake, tok, tok, na nyimbo, na Kirimaara ilikuwa mbele imesimama nyeupe. Moyo ulimuuma. Kwa miaka arobaini alikuwa ametamani kuuona mgongo ule ukienda mbele yake, na sasa mbele yake hapakuwa na mtu. Mgongo ulikuwa wake yeye, na ndio pekee asioweza kuuona. Alifikiri: na mami naye haoni chochote. Bendera iko juu, hawezi kuinua shingo. Ametembea njia hii yote kutazama udongo.

Walipofika pale njia inapoteremkia sokoni, Kaari aliharakisha kidogo bila kujua.

"Kaari," sauti ilisema nyuma yake, ikihema. "Usikimbie. Naona pindo tu. Lakini naliona lote, mpaka ile buluu ya Njura." Fimbo ikagonga mara mbili. "Simama wima, mwari wakwa, binti yangu, nami ninyooke."

Kaari alinyoosha mgongo mpaka ukauma, akapunguza mwendo, akaenda hivyo hadi sokoni.